Kabla Swali Halijaandikwa: Mwongozo wa Kufanya Utafiti wa Usonji Pamoja na Wenye Usonji Hapa Moshi

Mara ya kwanza kuitwa kwenye utafiti wa usonji (autism) hapa Moshi nilipewa fulana, soda na kiti cha nyuma. Fulana iliandikwa mgongoni kwamba tuko pamoja. Dodoso la kurasa tisa lilikuwa limeshachapwa, vibali vimeshatoka, wadadisi wameshafundishwa namna ya kuliuliza. Kazi yangu, nikaambiwa, ni kutoa maoni. Nilitoa matatu. Yaliandikwa vizuri kwenye daftari, na hakuna hata moja lililobadilisha kitu, kwa sababu kugusa swali moja kungemaanisha kurudi upya kwenye kamati ya maadili, na fedha za mafuta ya gari zilikuwa zimeanza kuhesabiwa siku.

Sikuwaona kama watu wabaya. Walinichelewa tu.

Tangu hapo nimefanya kazi kadhaa za namna hii, mbili nikiwa mtafiti mwenza mwenye mkataba. Nina usonji, niliambiwa na daktari nikiwa na miaka 29, na ninaendesha steshenari ndogo mjini. Haya ninayoandika nimeyajua zaidi kwa mambo kuharibika kuliko kwa mambo kwenda sawa. Nayaandika kwa ajili ya mtafiti, awe mwanafunzi wa uzamili pale KCMC, hospitali yetu kubwa yenye chuo, mgeni kutoka chuo cha nje au mtu wa shirika, na pia kwa ajili ya wenzangu wenye usonji ambao siku moja watapigiwa simu na mtu wasiyemfahamu akiwaomba "ushirikiano".

Hatua ya kwanza: tafuta watu kabla ya andiko la mradi

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 4 ya mkataba huo inadai watu wenye ulemavu washirikishwe kwa karibu katika maamuzi yanayowahusu, watoto wakiwemo. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Mtafiti akinionyesha andiko lake, kitu cha kwanza ninachotazama ni tarehe: mtu mwenye usonji alikutana na hili wazo lini, kabla ya swali la utafiti au baada?

Mfano ninaoupenda unatoka Oregon, Marekani. Mwaka 2006 daktari na mtafiti Christina Nicolaidis na Dora Raymaker, ambaye ana usonji, walianzisha kikundi kinachoitwa AASPIRE. Hawakuanza kwa mmoja kumwalika mwenzake kwenye kazi iliyokwisha kupangwa. Waliongoza pamoja tangu mwanzo, wakachagua pamoja cha kuchunguza, na mojawapo ya mambo waliyoyachagua ni namna watu wazima wenye usonji wanavyohudumiwa hospitalini. Mtafiti akiachwa peke yake mara nyingi hukimbilia visababishi na tiba. Ukituuliza sisi, tunakuuliza kwa nini dirisha la dawa lina kelele vile.

Sasa, utatupata wapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 1.86 mkoa wa Kilimanjaro. Ukigawanya kwa kalamu tu, bila kudai kwamba wastani wa dunia ndio wa kwetu, unapata zaidi ya watu 14,000. Wanaojulikana kwa jina hilo ni wachache mno, na karibu wote ni watoto: walio kwenye vitengo vya elimu maalumu katika shule za msingi, wanaokwenda Kituo cha Gabriella cha watoto wenye ulemavu, wanaofika KCMC kwa wataalamu wa tiba kwa vitendo. Watu wazima wako nyumbani. Wengine wana kazi na familia, na majirani wanasema tu "yule bwana ana mambo yake".

Njia ya kwanza iliyotusaidia ni ndugu wa watoto waliokwisha kupimwa. Mtoto anapoulizwa maswali kliniki, mara nyingi kuna baba au mjomba pembeni anayenyamaza ghafla, maana anayosikia ni maisha yake mwenyewe. Mpe namba yako, muache aende, akipiga ni yeye mwenyewe kaamua. Njia ya pili ni mtu mmoja kumleta mwenzake, polepole. Barua ya kwenda kwa mwalimu mkuu ya kuomba "watu watano wenye usonji" itakuletea watoto watano waliovalishwa sare safi na hofu. Na usije ukamwambia mtu mzima kwamba unaona ana usonji ili ukamilishe idadi yako. Hilo nimeliona likifanyika, na yule kaka hakurudi tena.

Kuhusu wazazi, nitasema wazi kwa sababu hapa ndipo watu hugombana. Mzazi si mwenye usonji. Kwetu mama ndiye anayembeba mtoto mgongoni kutoka Kibosho hadi hospitali, ndiye anayeachwa na mume, ndiye anayeambiwa kanisani afunge na kuomba zaidi. Kumwacha nje ya utafiti ni dhuluma. Lakini kiti chake ni chake na changu ni changu. Kwenye kikundi cha watu kumi, tuliamua wanne wawe wazazi, watano watu wenye usonji, na mmoja mwalimu wa elimu maalumu aliyesoma chuo cha ualimu cha Patandi, kule Tengeru. Mama akijibu swali lililoelekezwa kwa mwanawe wa miaka 22, mwenyekiti anamshukuru na kulirudisha swali kwa kijana.

Kijana huyo, kwa taarifa yako, hasemi. Anaandika kwenye simu, kwa herufi kubwa tupu, na alikuwa mjumbe mwenye maneno machache na makali kuliko wote. Usidhani asiyetoa sauti hana la kusema. Mtumie swali siku tatu kabla, na uwe tayari jibu likifika saa sita usiku.

Hatua ya pili: malipo na mkataba, kabla ya chai

Mtafiti mwenza analipwa kama mtafiti. Ukishampa mwenye digrii posho ya siku na mwenye usonji ukampa kitenge na sabuni, umeshaeleza nani ni nani, na hakuna hotuba ya ushirikishwaji itakayofuta hilo. Weka kiwango kwenye bajeti ya andiko, kwa saa au kwa siku, ukihesabu na saa za kusoma makaratasi nyumbani. Nauli iwe kando na posho, na ilipwe kwa umbali halisi: anayetoka Himo na anayetoka Rau hawapandi gari moja. Lipa siku hiyohiyo, kwa simu, kwa namba yake mwenyewe. Kama hana laini yake, kumsaidia kupata kitambulisho na kusajili laini ni sehemu ya mradi, usiione kama usumbufu.

Mkataba uwe kurasa mbili, Kiswahili cha kawaida, sentensi fupi. Useme kazi ni ipi, saa ngapi, kiasi gani, jina langu litaandikwa wapi, na nikichoka naachaje bila kudaiwa. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Wengi wetu tumelelewa kukubali kila kitu ili tusionekane wakorofi, tukishindwa tunatoweka bila kuaga, halafu tunasemwa kwamba hatuna msimamo.

Hatua ya tatu: vibali

Sitakaa sana hapa, maana watafiti wanaijua njia hii kuliko mimi. Kamati ya maadili ya chuo, kisha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa kibali cha kitaifa. Mgeni anahitaji na kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Baada ya hapo barua hushuka ngazi kwa ngazi, mkoa, halmashauri, kata, hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye usipomsalimia atakukumbusha.

Mambo matatu tu. Kwanza, andika majina yetu kwenye orodha ya watafiti. Ukituweka upande wa wanaochunguzwa, kamati itakudai utulinde, na kulindwa huko kutakuzuia kutupa makaratasi tunayotakiwa kuyachambua. Pili, iambie kamati tangu mwanzo kwamba dodoso litabadilika baada ya kupitiwa na watafiti wenza, na uombe utaratibu wa kuwasilisha marekebisho. Hapo ndipo wale wa fulana na soda walipokwama. Tatu, ridhaa. Kwa mtoto mzazi husaini, lakini mtoto naye aulizwe kwa namna anayoielewa, na fomu iseme ni vitendo gani vitahesabiwa kuwa amekataa. Mtoto akiziba masikio, akienda mlangoni au akirudisha karatasi mikononi mwako, amekataa. Mdadisi asiambiwe "mbembeleze".

Kumbuka pia kwamba chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 taarifa za afya ni taarifa nyeti. Sisi tulijikwaa kwenye kitu kidogo sana. Kundi letu la WhatsApp liliitwa kwa jina la utafiti, neno usonji likiwemo. Mjumbe mmoja alikuwa hajamwambia mtu yeyote kwao. Kaka yake akaona kioo cha simu kikiwaka mezani. Kundi sasa linaitwa Kikao cha Jumamosi.

Hatua ya nne: acha majadiliano ya duara, itisha kikao

Watafiti wanapenda majadiliano ya kundi: watu wanane kwenye duara, mwongozaji mchangamfu, kila mtu aseme anavyojisikia, mazungumzo yajiendeshe yenyewe. Kwangu hiyo ni adhabu. Sijui zamu yangu inaanza lini. Ninapopata cha kusema, mada imeshavuka barabara. Nikinyamaza wanaandika "mshiriki hakuwa na mchango".

Lakini sisi tuna kitu bora zaidi, na tumekizoea tangu utoto. Kikao. Kikao cha harusi, kikao cha ukoo, kikao cha VICOBA, kikao cha jumuiya. Kuna mwenyekiti, katibu na ajenda. Unanyoosha mkono, unapewa nafasi, unasema, unakaa. Asiyepewa nafasi haongei, hata awe na digrii tatu. Sheria zote ziko mezani, na kwa mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akibahatisha sheria ambazo wenzake huzijua bila kuambiwa, hiyo ni raha kubwa. Nimekaa kwenye vikao vya harusi za binamu zangu vya saa tatu nikatoka salama, na nimekaa kwenye duara la dakika arobaini nikatoka natetemeka.

Kwa hiyo itisha kikao cha kweli. Ajenda itoke siku tatu kabla, kwa maandishi na kwa sauti. Hii ni moja ya zetu:

*1. Kufungua kikao (dakika 5). 2. Kusoma muhtasari uliopita (dakika 10). 3. Yatokanayo: je, swali la 7 limebadilishwa? (dakika 15). Mapumziko, nje, bila maongezi ya lazima (dakika 20). 4. Maswali ya 8 hadi 12, yameambatanishwa (dakika 40). 5. Kufunga, saa 6:00 kamili.*

Utaona hakuna Mengineyo. Tuliifuta kwa kura. Mengineyo ndipo mtu anapotoa lake la moyoni dakika tano kabla ya kufunga na kikao kikaongezeka saa nzima. Mwenye jambo anamtumia katibu, linaingia ajenda ijayo.

Mahali napo ni kazi. Tulianza kwenye ukumbi mzuri tu, wa bei nafuu, wenye paa la bati bila dari. Ulikuwa mwezi wa nne. Mvua ya masika ilipopiga lile bati, wajumbe watatu walikuwa chini ya meza au nje ndani ya dakika moja, na mtafiti wetu akawa anapaza sauti ili tumsikie, yaani anaongeza moto. Sasa tunakagua ukumbi siku moja kabla, saa ileile ya kikao. Tunasikiliza: jenereta iko wapi umeme ukikatika, kwaya inafanya mazoezi siku gani, msikiti uko umbali gani, taa ya mrija inalia au hailii. Tunaomba watu wasijipulizie manukato. Chakula kinajulikana kabla, na wali mweupe huwa tofauti na mchuzi wake.

Tulihitaji pia njia ya kusema "leo siongei" bila kuongea. Mikusanyiko ya watu wenye usonji Marekani imetumia vitambulisho vya rangi kwa miaka mingi: kijani niongeleshe, njano niongeleshe kama tunajuana, nyekundu usinianze. Sisi tulinunua vibanio vya kuanikia nguo soko la Mbuyuni, vya rangi hizo hizo, unabana kwenye kola. Siku ya kwanza vikashindwa. Mzee mmoja, baba wa mtoto mwenye usonji, alimpita dada mwenye kibanio chekundu, dada hakumwamkia, mzee akasimama palepale kusubiri. Dada akaanza kulia. Rangi ilisema usinianze, lakini kwa mzee wa Kichaga kupitwa bila shikamoo si jambo la rangi.

Hatukuitupa rangi wala hatukuitupa shikamoo. Tulikaa, tukakubaliana: mwenye nyekundu anainamisha kichwa mara moja, hiyo ni shikamoo yake, mkubwa anajibu marahaba kwa sauti ya chini, bila kushika mkono, anapita. Mzee mwenyewe ndiye aliyependekeza. Nyumbani kwake sasa mtoto wake huamkia hivyo, na wageni wanaelezwa mlangoni.

Hatua ya tano: dodoso

Hapa ndipo fedha na muda wako viende.

Zana nyingi za kupima usonji zilitungwa Marekani na Uingereza, na zina wenyewe. Kubadilisha swali kunahitaji ruhusa ya waliozitunga, kwa hiyo iombe mapema. Desturi ni kutafsiri, kisha mtu mwingine arudishe Kiingereza bila kuona ya mwanzo, kisha kulinganisha. Ni desturi nzuri, lakini hupima kama maneno yamevuka. Haikwambii kama swali lina maana pale lilipotua.

Chukua dodoso la AQ, la kupima tabia za usonji, lililotolewa Cambridge mwaka 2001, lenye kauli 50 kwa watu wazima. Kauli moja inasema mtu angependa zaidi kwenda ukumbi wa maigizo kuliko jumba la makumbusho. Tafsiri tuliyoletewa ilikuwa sahihi kabisa. Kijana wetu wa herufi kubwa akaandika: UKUMBI WA MAIGIZO MOSHI UKO WAPI. Mdadisi angepata jibu, maana watu wetu wana adabu na hujibu wanachoulizwa. Lisingekuwa na maana yoyote.

Hiyo ilikuwa rahisi. Ngumu ni nyingine: ningependa zaidi kwenda maktaba kuliko kwenye sherehe. Maktaba ya mkoa tunayo, sherehe tunazo hadi tunazikimbia. Wataalamu wakaipitisha. Wajumbe wenye usonji wakaikataa, na tulibishana vikao viwili. Hoja yao ilikuwa hii: kwetu sherehe haiendewi kwa kupenda. Umechanga, jina lako limesomwa kwenye kamati, Desemba ukoo wote umepanda mlimani, utakwenda. Dada mmoja alieleza anavyofanya. Anawahi mapema kabla ya muziki, anaomba kazi jikoni, anaosha sahani hadi ngoma ziishe, watu wanamsifu kwa kujituma. Ukimuuliza kama anapenda sherehe atasema ndiyo, kwa sababu mtu asiyependa sherehe ya ndugu ni mchoyo au mchawi. Swali linapima wajibu na kudhani linapima tabia. Tuliuliza badala yake: *Kwenye sherehe ya ndugu, huwa unakaa wapi, na unafanya nini muziki ukiwa juu?* Majibu yalijaa ukurasa.

Kwa watoto, M-CHAT-R, dodoso la dalili za usonji linalojibiwa na mzazi, ina maswali 20 kwa umri wa miezi 16 hadi 30. Yapo yanayouliza kama mtoto anakutazama machoni, na kama ananyoosha kidole kuonyesha kitu. Mtoto wa umri huo hajafundishwa bado kuinamisha macho mbele ya wakubwa, kwa hiyo usilitupe swali la macho. Ila mama anayejibu ameshafundishwa, na huenda akaona unamuuliza kama mtoto wake hana heshima. Elezea kwamba ni wakati wa kucheza au kuvishwa nguo. Kwenye kidole, muulize na kidevu na midomo, maana mtoto anaiga bibi yake anavyoonyesha kuku alipokwenda. Kipimo cha ADOS, ambacho mtaalamu humtazama mtoto akicheza, nacho kina mchezo wa kumfanyia mwanasesere sherehe ya siku ya kuzaliwa, keki na mishumaa. Mtoto ambaye hajawahi kuona mshumaa ukipulizwa juu ya keki hana cha kuigiza, na kutoigiza kwake kunaweza kusomwa kama dalili.

Njia yetu ya kujaribu swali ni rahisi. Mjumbe analisoma kwa sauti, mwenzake anarudia kwa maneno yake anachodhani kinaulizwa, wa tatu anaeleza ni nani angedanganya hapo na kwa nini. Swali la "wa tatu" ndilo linalookoa utafiti.

Maneno yenyewe. Wanaotumia Kiingereza wamebishana miaka mingi kama waseme mtu kwanza ("person with autism") au usonji kwanza ("autistic person"). Kiswahili kilitupunguzia shida. Mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye usonji: ni changu, sijakikimbia wala sijakiazima. Kinachoniudhi ni "mgonjwa wa usonji" na "anayesumbuliwa na usonji". Usitumie mtindio wa ubongo kana kwamba ni kitu kilekile. Wala usiandike "anapenda kuwa peke yake" bila kuangalia, maana kwetu kuachwa peke yake ni kutengwa. Sema anapenda kukaa kimya, au anapumzika mbali na watu. Yale maneno ya mtaani, zezeta, taahira, amerogwa, wadadisi wayasikie kwenye mafunzo ili wasishtuke nyuso zao zikamwumbua anayehojiwa. Mzazi akisema alikwenda kwa mganga, andika. Umekuja kusikia alikopita. Ila akisema mtoto anafungwa kamba mchana, hapo kuna utaratibu wa kuripoti na ustawi wa jamii, na mdadisi aujue kabla hajapanda gari.

Hatua ya sita: majumbani

Gari lenye nembo lisisimame getini. Likisimama, mtaa mzima umeshajua, na swali litakalofuata jioni ni nyumba ile imepata msaada kiasi gani. Shuka mbali, tembea. Nenda wawili, mmoja awe na usonji kama amependa kwenda. Mara nyingi mtoto humwendea yeye. Sema utakaa muda gani na uondoke muda huo. Picha usipige. Hata ya tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, kila ofisi inapotafuta uso wa mtoto wa kuweka kwenye bango.

Hatua ya saba: kuchambua pamoja

Miradi mingi hutushirikisha hadi takwimu zikusanywe, kisha kompyuta hufungwa Dar es Salaam au ng'ambo. Dai chumba cha uchambuzi.

Sisi tulichapa nukuu za mahojiano kwenye karatasi, tukazikata kwa mkasi, tukazipanga mezani kwa mafungu. Mtafiti aliweka nukuu ya mama mmoja, "nikimsalimia stendi hajibu", kwenye fungu la upungufu wa mawasiliano. Dada wa sahani akaivuta, akaiweka kwenye fungu la kelele. Hakusema kitu. Mtafiti akairudisha. Dada akaivuta tena, akauliza: nyumbani anajibu? Tukatafuta kwenye mahojiano yote. Nyumbani anajibu. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao kuna pande mbili, kila mmoja anamsoma mwenzake vibaya. Kipande kile cha karatasi kilihama mara nne mezani, na mwisho tukaanzisha fungu jipya kwa ajili yake.

Mkishindwa kukubaliana, ripoti iandike tafsiri zote mbili na nani alishika ipi. Na majina ya waliokata karatasi yakae kwenye orodha ya waandishi. Shukrani za ukurasa wa mwisho hazitoshi.

Hatua ya nane: kurudisha matokeo

Wa kwanza kusikia ni waliohojiwa, kabla ya mkutano wowote wa hotelini. Karatasi moja, maandishi makubwa, upande wa pili michoro. Na sauti ya dakika nne kwa WhatsApp kwa wasiosoma. Ukienda redio, mpeleke mwenye usonji kama anataka, maswali yakiwa yameandikwa kabla, na mtangazaji ameahidi kutotoka nje ya hayo.

Karatasi ile iwe na namba ya simu inayopokelewa. Mradi mmoja niliofanya kazi uliweka namba ya ofisi yake. Fedha zilipokwisha laini ikafungwa. Miezi mitatu baadaye mama wa kutoka Himo aliingia dukani kwangu na karatasi imekunjwa mara nne, akiwa ameniulizia mjini kuanzia asubuhi, mtoto mgongoni. Alitaka tu kujua kikao kijacho ni lini. Sasa tunaandika namba ya mtu anayeishi Moshi na atakayebaki Moshi, na vocha yake imo kwenye bajeti, mwaka mmoja baada ya mradi kufungwa.